VYOMBO VYA DARASA VIWE MALI YA DARASA

Wako watakaouliza sababu gani karatasi ya chama cha wafanya kazi yajitia katika mambo ya shule. Chama, watasema, ni cha mishahara, saa za kazi, likizo na nyumba. Mambo ya watoto tuwaachie walimu. Twawajibu hivi. Mshahara haulali mfukoni. Siku ya malipo unakwenda kwa mwenye nyumba, unakwenda dukani, na fungu kubwa lake linakwenda shuleni. Tukigombana na wakubwa mwaka mzima mpaka tukapata nyongeza kidogo, kisha barua moja ya mwalimu mkuu ikaichukua nyongeza yote kwa siku moja, je, tumeongezwa? Basi jambo la shule ni jambo la mshahara, na jambo la mshahara ni jambo la chama.

HABARI YENYEWE

Barua imewafikia baadhi yetu kutoka shule moja ya msingi upande wa Kilimani, hapa Nairobi. Jina la shule tunaliacha, maana ugomvi wetu si na shule moja, ni na desturi inayoenea. Barua yasema kwamba kuanzia muhula ujao watoto wa Gredi ya 4 mpaka ya 6 "wanahimizwa" kuja darasani kila mtu na kishikwambi chake. Kishikwambi ni kile kibao cha kioo kinachoguswa kwa kidole, kikubwa kuliko simu na kidogo kuliko kompyuta. Barua yataja ukubwa wa kioo, nguvu ya betri, na kifuniko cha kukilinda kisivunjike. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, yasema kwamba si lazima.

Ndugu zetu, mfanya kazi halihitaji kamusi ili alielewe neno hilo "si lazima". Tumelisikia kazini mara nyingi. Nyapara husema saa za ziada si lazima, lakini asiyekubali huona zamu zake zinavyopangwa mwezi unaofuata. Darasani itakuwa vile vile. Mwalimu atasema, "Fungueni zoezi la tatu," na watoto thelathini watafungua. Watoto kumi watachungulia begani kwa jirani. Kazi ya nyumbani itatumwa kwa kishikwambi, na asiye nacho atakuja kesho mikono mitupu. Kufika wiki ya tatu yule mtoto mwenyewe atamwambia mama yake kwamba ni lazima, wala hakuna aliyeandika barua ya pili.

KILIMANI MBILI

Mtu asiyeijua Kilimani aweza kufikiri kwamba wakaaji wake wote ni matajiri. Ukipita Argwings Kodhek Road, au Lenana Road, au Kindaruma Road, utaona ghorofa juu ya ghorofa, na asubuhi watoto wakishushwa katika motokaa mlangoni mwa shule. Lakini mlango wa ghorofa hiyo una mlinzi, na mlinzi ana watoto. Ghorofa hiyo ina wapishi, wafua nguo na mayaya, nao wana watoto. Wako akina mama wa soko la Toi. Tuko na sisi wa reli. Wengi wa watoto wetu huvuka Ngong Road kwa miguu kila asubuhi kutoka Kibera, ambako gari letu la moshi hupita katikati ya nyumba za watu, wakaenda kukaa dawati moja na watoto wa mwenye ghorofa.

Dawati hilo moja ni kitu kikubwa, na halikuja bure. Kabla ya Uhuru shule za Kenya ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Na gari la moshi lilikuwa hivyo hivyo: daraja la kwanza kwa Mzungu, la pili kwa Mhindi, na la tatu kwa baba zetu waliobanana na mizigo yao. Ubaguzi wa rangi mashuleni umeondolewa. Sasa hatutaki kuona darasa moja likigeuzwa kuwa gari la madaraja matatu: daraja la kwanza wenye kishikwambi kipya, la pili wenye simu ya baba iliyopasuka kioo, na la tatu wenye kuchungulia begani.

Tutazame na hesabu. Mwezi wa Mei 2022 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa Sh. 15,201 kwa mwezi. Mwaka 2024 iliongezwa asilimia 6, yaani shilingi mia tisa na kitu. Mwanachama ye yote aende akaulize bei ya kishikwambi Luthuli Avenue, kisha aiweke kando ya mshahara huo, atoe kodi ya nyumba, unga, mafuta na nauli, aone kimebaki nini. Tena barua haisemi kishikwambi kimoja kwa nyumba. Mwenye watoto watatu katika gredi hizo anatakiwa vitatu.

Wenye maduka wana dawa yao: lipa pole pole. Mtu hutoa kidogo siku ya kwanza, kisha hulipa kila siku kwa simu. Lakini vingi vya vyombo vya namna hii vimetengenezwa ili vijifunge vyenyewe mtu asipolipa. Basi fikirini, ndugu. Baba amekaa siku nne bila kibarua, hakulipa. Siku ya tano mtoto yuko darasani, mwalimu yuko mbele, somo linaendelea, na kioo ni cheusi. Deni la baba limeingia darasani likamfungia mtoto kitabu. Zamani deni lilibaki dukani.

VYOMBO VYA KAZI NI VYA NANI?

Sisi watu wa reli twaweza kusema jambo hapa, kwa sababu kazi yetu yote ni ya vyombo. Hakuna dereva aliyeambiwa aje na injini yake. Gadi hanunui bendera na taa kwa mshahara wake. Fundi wa karakana huchukua spana stoo kwa kutia sahihi, na jioni huzirudisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awape watu wake mavazi ya kuwakinga na hatari. Haya hayakuja kwa huruma ya wakubwa. Wazee wetu waliyataka kwa pamoja, miaka mingi, hata wakagoma. Walijua kwamba siku mfanya kazi atakapoambiwa aje na chombo chake, kazi itakuwa ya mwenye chombo, na maskini atasimama nje ya lango.

Iko na sababu nyingine ya ufundi. Reli ya zamani kutoka Mombasa ina upana wa mita 1. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine; mizigo ikitoka huku kwenda kule haina budi kushushwa na kupakiwa tena, na kazi hiyo yala saa na pesa. Sasa mwalimu mwenye watoto arobaini na vishikwambi vya namna ishirini yuko katika hali hiyo kila siku. Hiki hakina chaji. Hiki programu yake ni ya zamani, haifungui zoezi. Hiki kimejaa michezo na picha za sinema. Hiki ni cha kaka yake, kina mambo yasiyofaa macho ya mtoto. Somo ni la dakika 35. Mwalimu akimaliza kuvisawazisha vishikwambi, kengele imelia.

Lakini vikiwa vya shule vyote ni sawa. Vimewekwa programu zile zile, vimechajiwa pamoja, na kikiharibika fundi mmoja avijua vyote.

TULIVYOFANYIWA ZAMANI NA MICHANGO MIDOGO

Wengi wetu wenye umri wa miaka thelathini na kitu tulianza kusoma kabla ya mwaka 2003, wengine katika shule ndogo za misheni. Ada ya masomo katika shule za msingi ilikuwa imeondolewa tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mtu angesema elimu ni bure. Lakini mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilianza siasa ya kugawana gharama na wazazi, na michango ikajaa mahali pa ada. Palikuwa na pesa za dawati, pesa za jengo, pesa za mlinzi, pesa za karatasi za mtihani. Kila mmoja ulikuwa mdogo. Kila mmoja ulikuwa na maelezo yake mazuri. Asubuhi ya Jumatatu majina yalisomwa, na wasiolipa wakatoka mstarini wakarudi nyumbani.

Tuliona matokeo yake wakati michango ilipokatazwa. Januari 2003 serikali mpya ya Rais Kibaki ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Watoto walioandikishwa katika shule za msingi walikuwa karibu milioni 5.9 mwaka 2002. Mwaka 2003 walikuwa karibu milioni 7.2. Hesabuni wenyewe. Zaidi ya watoto milioni moja walikuwa nje, si kwa uvivu, wala si kwa wazazi kupuuza masomo. Walikuwa nje kwa sababu ya hiyo michango midogo yenye maelezo mazuri.

Kishikwambi ni mchango wa namna ile ile. Tofauti ni kwamba mchango wa dawati ulikuwa wa mara moja, na dawati halivunjiki likianguka, halitaki chaji, halitaki bando la intaneti, wala haliibiwi njiani.

SHERIA YASEMAJE?

Wanachama wazijue sheria, maana ofisini mtu hujibiwa vizuri akiitaja sheria kwa nambari yake. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, yakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yaweza kuruhusiwa na Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Lakini sheria hiyo hiyo yasema hakuna mtoto atakayekataliwa kuhudhuria shule kwa sababu ya kushindwa kulipa.

Basi mwalimu mkuu wa shule ya umma akileta barua ya vishikwambi, mzazi amwulize kwa adabu: Je, Waziri ameruhusu? Bodi ya Kaunti imeshauriwa? Barua ya ruhusa iko wapi? Na kama ni shule ya binafsi, mzazi aulize sababu gani kishikwambi hakikutajwa siku ile alipolipa ada na kutia sahihi.

AHADI YA MWAKA 2013

Tena jambo hili lina historia ambayo hatupaswi kuiacha isahauliwe. Katika uchaguzi wa Machi 2013 muungano wa Jubilee uliwaahidi wananchi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za umma atapewa kompyuta. Haikusemwa atanunuliwa na baba yake. Mwaka 2014 zabuni ilikwama kwa mashitaka. Mradi ukabadilishwa, vikawa vishikwambi, na kazi ikapewa vyuo vikuu viwili vya umma, cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja na cha Moi kilichoko Eldoret, pamoja na makampuni ya nchi za nje. Vishikwambi vilianza kufika mashuleni mwaka 2016, na mwishowe vikapita milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000. Shule nyingi zilivutiwa umeme kwa ajili hiyo.

Hatutasema mradi ule ulikuwa bure. Vyombo vililetwa, na walimu wengi walifundishwa namna ya kuvitumia. Lakini katika shule nyingi vilikaa ndani ya makabati yenye kufuli kwa kuogopa wezi. Vingine vikaharibika bila fundi wa kuvitengeneza. Na watoto waliofuata hawakupata vyao kama ilivyoahidiwa. Sasa mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, wataka mtoto awe na ujuzi wa kidijitali. Mtaala umebaki, chombo hakipo, na barua imeletwa kwa mlinzi na kuli. Ahadi iliyotolewa kwa kodi zetu yageuzwa kuwa deni letu.

Tuliona hasara yake wakati wa korona. Machi 2020 shule zote zilifungwa. Masomo yakatolewa kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Mtoto wa ghorofani alifungua kishikwambi akaendelea na mwalimu wake. Mtoto wa chumba kimoja alingoja. Madarasa matatu tu yalirudi Oktoba 2020, na wengine wote wakangoja mpaka Januari 2021. Wale waliongoja miezi tisa na wale waliosoma miezi tisa walirudi darasa moja, wakafanya mtihani mmoja.

WENGINE WAMEFANYA NINI?

Wenzetu wa Tanzania walifanya hesabu ya watu Agosti 2022 kwa kutumia vishikwambi. Sensa ilipokwisha serikali yao haikuviuza mnadani, iliamua vigawiwe walimu wa shule za serikali. Chombo kilichonunuliwa kwa kodi ya wananchi kikaenda kufanya kazi ya pili ya wananchi. Hakuna mwalimu aliyeambiwa aje na chake.

Nchi ya Uruguay, kule Amerika ya Kusini, ilianza mwaka 2007 kuwapa watoto wa shule za msingi za serikali kila mmoja kompyuta ndogo, na ndani ya miaka michache ikawafikia wote. Uruguay si taifa kubwa wala si tajiri kama Marekani.

Na hapa hapa Nairobi, mwaka 2015, kampuni ya BRCK ilitengeneza sanduku gumu lililo na vishikwambi 40 ndani yake. Jioni vyote hurudishwa kila kimoja penye nafasi yake, na sanduku lenyewe huvichaji. Sanduku ni la shule. Lahama darasa hili kwenda lile. Kampuni ilitafuta biashara yake, wala hatumwambii mtu anunue sanduku hilo hasa. Twalitaja kwa sababu laonyesha kwamba jambo lawezekana, na lilitengenezwa na watu wa mji huu huu.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wengine watasema: "Dunia ya sasa ni ya kompyuta. Mnataka watoto wa maskini wabaki nyuma?" La, hasha. Sisi twataka kompyuta kuliko ninyi. Tikiti za gari la moshi la Mombasa sasa hukatwa kwa simu, na kazi ya kuongoza magari njiani yafanywa kwa mashine. Mtoto wa mfanya kazi asiyejua kompyuta atapata kazi ya kufagia tu, hata hiyo kwa bahati. Kwa sababu hiyo hasa twasema chombo kiwafikie wote. Mpango wa kila mtu na chake utawafikia wale ambao tayari wanavyo nyumbani.

Wengine watasema: "Serikali haina pesa, basi mwenye nacho alete." Twaomba wafanye hesabu pamoja nasi. Chukueni shule yenye madarasa 10 ya watoto 40. Wote ni 400. Kila mtoto akileta chake, vishikwambi 400 vinanunuliwa, na kila kimoja hutumika somo moja kwa siku, kisha kinalala mkobani. Lakini shule ikiwa na masanduku mawili ya vishikwambi 40, yaani 80, kila sanduku likazunguka madarasa matano kwa siku, kila mtoto amepata somo lake. Watoto wale wale, somo lile lile, vyombo 80 badala ya 400. Sasa ni mpango gani ulio ghali? Ule wa kila mtu na chake ni ghali mara tano. Waonekana rahisi kwa sababu gharama imetolewa katika daftari la serikali ikafichwa katika madaftari ya wazazi.

Wengine watasema: "Vya shule huibiwa, au hufungiwa stoo." Ni kweli, tumekwisha sema. Lakini dawa ya stoo iliyofungwa ni kuifungua, na dawa ya wezi ni mlango wa chuma na mlinzi anayelipwa vizuri. Je, mtoto wa miaka kumi anayevuka Ngong Road saa kumi na mbili jioni na kitu cha thamani mkobani, huyo ndiye stoo salama zaidi? Tusije tukalia siku moja kwa sababu ya kibao cha kioo.

Na wako wanachama wenzetu waliokwisha kununua, wengine kwa mkopo wa sakosi, nao wataona twawapunguzia watoto wao. Hapana. Walichonunua kitawafaa nyumbani. Twawaomba tu wasiseme, "Mimi nimeweza, kwa hiyo na mwenzangu aweze." Leo ni kishikwambi. Mwaka wa tatu kitakuwa kimezeeka, barua nyingine itakuja, na huenda siku hiyo wewe ndiye usiyeweza.

Jambo la mwisho kwa wapinzani wetu. Kishikwambi si mwalimu. Nchi ya Sweden, iliyoingia mapema sana katika mambo haya, mwaka 2023 ilitenga pesa za kuwarudishia watoto vitabu vya karatasi, baada ya wakubwa wake kuona kioo kimezidi. Mwaka huo huo UNESCO ilitoa ripoti yake kubwa ya elimu ikionya kwamba teknolojia ifuate faida ya mtoto, isiongoze. Tusikubali mwalimu apunguzwe, au vitabu visinunuliwe, kwa kuwa eti watoto wana vioo. Na walimu ni wafanya kazi kama sisi. Wengi wao barua hizi hawakuziandika wala hawazipendi. Tukienda shuleni tusiwagombeze.

TUFANYE NINI?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi mmoja akienda ofisini peke yake ataambiwa, "Mbona wengine hawakulalamika?" Twapendekeza mambo haya, yazungumzwe katika mkutano wa tawi:

1. Kila mwanachama aliyepata barua ya vishikwambi aipeleke kwa karani wa tawi. Tuzikusanye, tujue ni shule ngapi na zasema nini. Majina ya watoto yasitolewe.

2. Kila mzazi aende mkutano wa wazazi wa shule yake. Sisi wa zamu hukosa mikutano hiyo sana, na mambo hupitishwa bila sisi. Mwenye zamu siku hiyo abadilishane na mwenzake mapema, na mwenzake akubali kwa moyo mmoja, maana kesho ni zamu yake kuomba. Akina mama wasiachiwe mzigo huu peke yao.

3. Mkutanoni tuseme kwa sauti moja: vyombo vya darasa viwe mali ya shule, vya namna moja, vikae shuleni, na mtoto ye yote asitolewe, asikalishwe nyuma wala asikose alama kwa kutokuwa na chake. Kazi ya nyumbani itolewe kwa njia ambayo kila mtoto aweza kuifanya kwa kalamu na daftari.

4. Shule zilizopata vishikwambi tangu 2016 ziulizwe viko wapi, vingapi vyafanya kazi, na vilivyoharibika vyatengenezwa lini. Hivyo ni mali yetu, tuna haki ya kuuliza.

5. Chama chetu kizungumze na chama cha walimu, na pamoja tupeleke neno kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti na kwa Wizara, tukitaja Kifungu cha 53 cha Katiba na kifungu cha 29 cha Sheria ya 2013.

Ndugu wanachama, wazee wetu walipoacha kazi Mombasa Januari 1947, watu wa bandari na watu wa reli pamoja na wengine wengi, kila mmoja hakwenda kwa mwajiri wake kuomba huruma yake peke yake. Walisimama pamoja, na kwa hiyo walisikilizwa. Jambo la leo ni dogo kuliko lile, lakini latuhusu watoto wetu, na muhula ujao hauko mbali. Barua zile zapaswa kujibiwa kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wakiisha kukaa katika madaraja matatu, itakuwa kazi kubwa kuwarudisha dawati moja.

Umoja ni nguvu.